Ukiona Vyaelea: Hoja Yetu juu ya Ukarabati wa Majahazi ya Kale

Kila mwalimu wa Kiswahili amepata kuwafundisha wanafunzi wake methali isemayo kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Tunaiandika ubaoni, tunaieleza kwa maneno mepesi, kisha twaitia katika mtihani. Mwanafunzi hujibu kwamba maana yake ni kuwa mafanikio hayaji bila jitihada, naye hupewa alama zake. Ni nadra mno mtu kuuliza: ni vitu gani hivyo vyaeleavyo? Viliundwa na nani, kwa zana zipi, kwa mti gani? Na swali lililo zito kuliko yote: vikianza kuoza, ni nani atakayeviunda upya?

Makala haya yanahusu swali hilo la mwisho. Siku hizi imezuka hamu ya kukarabati vyombo vya kale vya matanga, na hamu hiyo twaipokea kwa furaha. Walakini twaona kwamba aghalabu hushikwa kwa mkono usiofaa. Hoja yetu ni fupi, nasi tutaitetea bila kuficha: anayekarabati jahazi la kale bila kumfundisha kijana kazi hiyo, bila kuufikiria mti utakaotoa ubao wa kesho, na bila kuyaandika maneno ya mafundi kwa lugha yao wenyewe, huyo hajakarabati chombo. Amepamba maiti.

Yafaa kwanza tueleze jinsi jahazi linavyoishi, maana wengi walizungumzao hawajapata kuliona likiwa limesimama juu ya magadi. Jumba la mawe laweza kujengwa mara moja likaachwa miaka mingi. Chombo cha mbao hukarabatiwa tangu siku kishushwapo majini. Wakati wa maji ya bamvu, bahari ijaapo sana, nahodha hukipweleza chombo chake ufukoni. Maji yakipwa, hukitegemeza kwa magadi ili kisilale ubavu. Hapo mabaharia hukwangua chaza na mimea iliyoganda, hukichoma chini kwa moto wa makuti ili kuwaua wadudu wa baharini watoboao mbao, hupiga kalafati, yaani hushindilia pamba iliyotiwa mafuta katika mianya ya ubao na ubao, kisha hukipaka deheni ya shahamu na chokaa. Ubao ulioharibika huondolewa, mwingine ukatiwa mahali pake. Taruma lililovunjika hubadilishwa kwa jingine, nalo hutafutwa mtini likiwa tayari limepinda kwa maumbile yake, kwa sababu tawi lililopinda lenyewe lina nguvu kuliko gogo lililonyooka likachongwa pindo kwa msumeno.

Basi msomaji ataona kwamba ukarabati ndio maisha yenyewe ya chombo. Jahazi lifanyalo kazi halifi upesi, kwa kuwa kila mwaka lina mtu wa kulitazama. Lifalo ni lile lililoachwa. Na linapoachwa, haliachwi peke yake: huachwa pamoja na fundi wake, mwanafunzi wa fundi huyo, na maneno waliyokuwa wakiambiana chini ya kivuli cha ubavu wake.

Kundi la kwanza la wapinzani wetu husema: liacheni lioze. Mashine imekwisha kuja, na boti za plastiki ngumu haziliwi na wadudu wala hazihitaji kalafati. Ya nini kulilia mbao? Watu hawa tunawaheshimu, kwa sababu angalau wana hesabu. Mvuvi mwenye watoto wa kulisha hana wajibu wa kutunza mambo ya kale ili atufurahishe sisi wenye mishahara. Akiweza kununua mashine, na anunue kwa heri. Lakini hesabu yao ina pengo. Wanalinganisha bei ya ubao na bei ya plastiki, hawaitii hesabuni bei ya elimu inayopotea. Mafuta ya mashine hununuliwa kwa fedha za kigeni, na bei yake huamuliwa mbali. Pepo za kaskazi na kusi hazina bei. Jamii iliyoweza kujitengenezea chombo kwa tezo, keekee na msumeno, kisha ikaishia kukaa ufukoni ikingoja kipuri kutoka ng'ambo, imepoteza kitu kikubwa, hata kama mahesabu yake ya mwezi yanaonyesha faida. Isitoshe, elimu hiyo ikiondoka hairudi kwa kuagizwa kama bidhaa. Jambo hilo tutalithibitisha hapa chini.

Kundi la pili husema: na likarabatiwe, tena haraka; lipakwe rangi, lifungwe taa za kumetameta, lisimamishwe bustanini ili wageni walipige picha. Hawa ndio hasa tunaogombana nao, kwa sababu wanajiita marafiki wa jahazi. Rafiki gani humtoa samaki majini ili amtunze? Mbao za chombo zimezoea kuvimba kwa maji. Zikikaa nchi kavu hukauka na kunywea, mianya hufunguka, kalafati hudondoka. Mvua ikinyesha, maji yake hutuama ngamani, nayo maji ya mvua huozesha mbao upesi kuliko maji ya chumvi. Baada ya miaka michache ubavu ule mzuri huwa ganda tupu, ndipo hutafutwa fedha nyingine za kununua rangi. Katika muda wote huo hakuna kijana aliyejifunza lolote isipokuwa kushika brashi.

Hatusemi kwamba kila chombo kilichowekwa nchi kavu kimedhalilishwa. Mji wa Sur, huko Omani, ulikuwa na waundaji mashuhuri, na vyombo vyake vilizoea kuja na kaskazi hadi pwani ya Afrika Mashariki, vikarudi na kusi. Katika mji huo lipo jahazi la aina ya ghanja liitwalo Fatah al-Khair, lililoundwa hapo hapo Sur mwaka 1951. Liliuzwa, likaenda Yemen. Na mwaka 1993 watu wa Sur walichanga fedha zao wenyewe, wakalinunua, wakalirudisha kwao na kulikarabati. Sasa limesimama nchi kavu, karibu na maji. Kitendo hicho tunakistahi. Waliochanga walilijua jahazi kwa jina lake, na mji wao ulikuwa bado una karakana ya waundaji. Wazee waliweza kulionyesha kwa kidole na kusema, huu ni mkono wa mafundi wetu. Kuna tofauti kubwa kati ya watu wanaoliweka jahazi kama kumbukumbu ya kazi wanayoijua, na mtu anayeliweka kama pambo la kazi asiyoijali.

Kundi la tatu ni la wasomi wenzetu. Hawa husema: ubao wa asili usiguswe, maana ukibadilisha mbao chombo si kile tena. Swali lao ni la kale. Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, alieleza jinsi watu wa Athens walivyoitunza merikebu ya Theseus kwa kuondoa mbao zilizooza na kutia nyingine, hata wanafalsafa wakabishana kama ilikuwa ni merikebu ile ile au sivyo. Wanafalsafa na waendelee na mazungumzo yao. Fundi wa jahazi alikwisha kulijibu swali hilo zamani kwa tezo yake: chombo ni umbo lake, ni njia ya kuunda kwake, na ni jina lake, ubao ni kama chakula, huingia na kutoka.

Mfano ulio wazi ni merikebu ya kivita ya Marekani iitwayo Constitution, iliyoshushwa majini huko Boston mwaka 1797. Katika zaidi ya karne mbili imekarabatiwa mara nyingi, na mbao zake za mwanzo zilizobaki ni sehemu ndogo tu. Hata hivyo Wamarekani hawana shaka kwamba ni merikebu ile ile, na mwaka 1997 ilitweka matanga ikasafiri kwa nguvu zake, baada ya kukaa miaka 116 bila kufanya hivyo. Lakini lipo jambo jingine ambalo twataka wasomaji walitie moyoni. Jeshi la majini la nchi hiyo limetenga miti ya mwaloni huko Crane, katika jimbo la Indiana, iwe ya kuikarabati merikebu hiyo. Atakaye kuwa na chombo baada ya miaka mia hutunza msitu leo.

Kwetu Afrika Mashariki, kati ya wanaotangaza kwamba watakarabati jahazi, ni wangapi waliopanda hata mti mmoja? Mbambakofi hauoti kwa hotuba. Mvule, ambao zamani ulistawi sana Busoga, hukatwa kwa saa moja na kukua kwa miongo mingi. Mikoko nayo imelindwa kwa amri. Kenya, kwa mfano, ilikataza boriti za mikoko zisipelekwe nchi za nje mwaka 1982. Amri za kulinda misitu ni za haki, nasi hatuzipingi. Tunalodai ni kwamba katika kila msitu unaolindwa, fundi wa vyombo atengewe miti michache iliyohesabiwa, naye alazimishwe kupanda badala yake. Vinginevyo ukarabati utakuwa wa mbao za magendo, au hautakuwapo kabisa.

Sasa tutimize ahadi yetu ya kuthibitisha kwamba ufundi ukiondoka haurudi kwa kuagizwa. Shahidi wetu ni mtepe. Huu ulikuwa chombo cha kushonwa: mbao zake zilitobolewa matundu, zikaunganishwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari wa chuma, ndipo mataruma yakatiwa kwa ndani, tanga lake lilikuwa la mkeka, tena la pembe nne. Ushonaji wa vyombo katika pwani hii ni wa kale mno. Kitabu cha Kiyunani kiitwacho Periplus, cha karne ya 1 baada ya Kristo, chataja vyombo vya kushonwa katika bandari ya Rhapta, na chaeleza kuwa jina lenyewe la bandari hiyo latokana na kushona. Wenye mtepe wa mwisho walikuwa watu wa visiwa vya Lamu. Ufundi uliodumu karne nyingi namna hiyo ulitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, kimya kimya, bila vita wala amri ya mfalme. Wazee walikufa mmoja mmoja, na vijana walikuwa wamekwenda kufanya kazi nyingine.

Mwaka 2003 huko Unguja uliundwa mtepe mpya, ukawekwa katika Jumba la Maajabu ili watu wauone. Ilikuwa kazi ya kusifiwa. Lakini ilikuwa lazima kutegemea vielelezo vidogo, picha na maandishi, kwa kuwa hapakuwa na mzee aliyebaki wa kusema: kamba ivute hivi, tundu lizibe hivi. Kisha tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo, lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Hatuileti habari hiyo kwa kumlaumu yeyote. Twaileta kwa sababu yafundisha kwamba hata nyumba ya kutunzia vitu yaweza kuanguka. Ufundi ulio mikononi mwa watu ishirini katika vijiji vitano hauangukiwi na dari.

Kinyume cha kisa cha mtepe kipo, nacho kimetokea katika visiwa vile vile vya Lamu. Mwaka 2018 mafundi wa huko waliunda chombo cha matanga kiitwacho Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa ufukoni na majalalani, wakakivika ndara kuukuu za rangi nyingi. Mwaka 2019 kilisafiri kutoka Lamu hadi Unguja, na mwaka 2021 kilikuja katika Ziwa Viktoria, wakakiona watu wetu wa bara. Pengine msomaji atashangaa: je, watetezi wa mbao sasa wanasifu plastiki? Ndiyo, twaisifu kazi hiyo bila haya. Mafundi wale walichukua taka zilizoyeyushwa zikafanywa mbao, wakazichonga kama wachongavyo mti, wakaupata mkuku na mataruma, na chombo kikaelea. Waliweza kwa sababu ufundi ulikuwa hai mikononi mwao. Mpe fundi mti, ataunda. Mpe taka, ataunda. Mpe asiye fundi msitu mzima wa mbambakofi, hataunda hata hori la kunyweshea ng'ombe. Basi mwenye fedha za ukarabati na ajiulize anazitumia kununua mbao, au kumlea fundi.

Hapo ndipo tunapoingia nyumbani kwetu, yaani katika lugha. Neno kuunda lenyewe ni neno la ufukoni: ni kazi ya mwenye kutengeneza chombo cha majini. Kutokana nalo tumepata muundo na kiunzi, na katika siku hizi miundombinu. Twaunda kamati, twaunda tume, twaunda serikali, na mara nyingi twaziunda vibaya kuliko fundi wa Matondoni aundavyo mashua, kwa kuwa mashua ikiundwa vibaya huzama siku hiyo hiyo, na kamati huweza kuelea miaka. Mambo yakiharibika twasema yamekwenda mrama, na mrama ni kule kuyumba kwa chombo huku na huku mawimbini. Kiongozi wa timu ya mpira ni nahodha, gari lina usukani, na habari nazo zina vyombo vyake. Mtu akipinga husemwa anabisha. Na chombo kiendacho kwa kupingana na upepo, nacho chabisha. Katika makala haya sisi pia twabisha.

Maneno hayo yangali hai kwa sababu yalipata kazi nyingine mjini. Wenzao wasiopata kazi wanazama: gadi, deheni, henza, foromali, joshi, demani, ngama. Tumekuwa tukifundisha kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Na tuulizane kwa uaminifu, ndugu walimu: ni wangapi kati yetu wawezao kusimama mbele ya jahazi na kuonyesha tezi ni upande upi, na omo ni upande upi? Tezi ni nyuma na omo ni mbele; na ngama ni kule chini ndani ya chombo, maji yanakokusanyika, ambako baharia hana budi kurudi kuyafua hata akitembea juu namna gani. Akijua hivyo, mwanafunzi haikariri methali; anaiona. Asipojua, tunampa ganda la maneno na kumwambia kwamba ni nazi.

Walioeleza kwa kirefu habari za vyombo hivi wengi wao waliandika kwa lugha za kigeni. James Hornell, Mwingereza, aliandika juu ya mtepe na dau la Lamu mwaka 1941; A. H. J. Prins, Mholanzi, alitoa kitabu chake Sailing from Lamu mwaka 1965. Tunawashukuru kwa dhati, kwa kuwa bila wao tungejua machache zaidi. Lakini ni jambo la kusikitisha kwamba mtoto wa pwani atakaye kusoma kwa kirefu jinsi babu zake walivyounda chombo, mara nyingi hana budi ajifunze Kiingereza kwanza.

Miradi ya ukarabati yaweza kufuata njia hiyo hiyo, na ni rahisi mno kuifuata. Mtaalamu huandika taarifa kwa lugha ya mfadhili, huchora umbo la chombo, na kukitaja kila kipande kwa neno la kigeni. Fundi, ambaye hakuhitaji mchoro kwa kuwa kipimo kimo jichoni mwake, huandikwa katika orodha ya malipo pamoja na wabeba mchanga. Kazi ikiisha, mtaalamu huondoka na kitabu, na fundi hubaki na tezo. Twauliza: ni nani kati yao aliyekuwa mwalimu, na ni nani mwanafunzi? Na kama jawabu lajulikana, mbona cheti kilikwenda kwa mwanafunzi?

Pengine mwalimu wa Kampala, Bujumbura au Bukavu atasema: maneno hayo ni ya watu wa pwani, sisi tuna milima na migomba. Jibu letu ni kwamba maji hayaanzii baharini. Stanley alipofika Buganda mwaka 1875 aliziona jamii za mitumbwi mikubwa ya Kabaka Mutesa, na mafundi wa visiwa vya Ssese waliishona mbao zake kwa nyuzi za mimea, kama wenzao wa Lamu walivyoshona mtepe kwa makumbi. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulienea, na serikali ya kikoloni ikawahamisha wakazi wa visiwa hivyo. Mafundi walipotawanyika, ufundi nao ulipata pigo. Katika Ziwa Tanganyika, Speke alivuka mwaka 1858 kwenda kutafuta kuazima jahazi la mfanyabiashara Mwarabu aliyekuwa ng'ambo ya pili. Yaani matanga yalikwisha kufika huko kabla ya bendera yoyote ya Ulaya. Kiswahili chenyewe kilipandishwa bara na watu waliojua bahari na maziwa. Tukilitupa jahazi, tunatupa ngazi tuliyopandia.

Mataifa mengine yamekwisha kulitambua jambo hili. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliutia ufundi wa mashua za mbao wa nchi tano za kaskazini ya Ulaya, yaani Denmark, Finland, Iceland, Norway na Sweden, katika orodha yake ya urithi usioshikika. Kilichoheshimiwa hapo ni ujuzi wa kuunda na kutumia. Hakikuwa chombo kimoja kilichokarabatiwa. Katika mwaka huo huo shirika hilo liliichagua tarehe 7 Julai iwe Siku ya Kiswahili Duniani. Tunaadhimisha siku hiyo kwa nyimbo na hotuba. Ingefaa pia tuiadhimishe kwa kwenda ufukoni na daftari.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo manne, na tunaomba yajadiliwe katika matawi ya chama chetu. Kwanza, mradi wowote wa kukarabati chombo cha matanga uhesabiwe kuwa haujakamilika mpaka wawepo vijana wasiopungua wawili waliofanya kazi hiyo tangu kuondolewa kwa ubao wa kwanza hadi kushushwa kwa chombo majini, nao walipwe, kwa maana mwanafunzi mwenye njaa hukimbia. Pili, mradi huo upande na kutunza miti kwa wingi kuliko ile iliyotumiwa. Tatu, mwalimu mmoja wa Kiswahili awe pale daima, akiandika jina la kila kipande, kila zana na kila tendo, kama fundi anavyolitamka, wala asimsahihishe. Akisikia neno la Kiamu, la Kibajuni au la Kipemba, aliandike kama lilivyo, pamoja na jina la aliyelisema. Nne, chombo kirudishwe majini. Kikishindwa kubeba shehena, na kibebe wanafunzi.

Pendekezo la tatu ndilo letu hasa, nalo halihitaji mfadhili. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi mwezi Julai 2022, tumesikia kilio cha vitabu na walimu, na kilio hicho ni cha kweli. Basi na vitabu hivyo vitakapoandikwa, visijazwe maneno yaliyotafsiriwa kutoka vitabu vya kigeni, ilhali maneno yaliyo tayari yanaoza ufukoni. Mwenye kuishi karibu na ziwa na aanze na waundaji wa ziwa lake. Wao pia wana mkuku, wana kalafati, na wana majina.

Tunajua kwamba tutaambiwa: walimu wana kazi nyingi na mishahara midogo, na majahazi ni machache. Yote mawili ni kweli. Lakini uchache wa majahazi ndio sababu ya haraka; yangekuwa mengi tungeweza kungoja. Ubao uliooza leo utapata badala yake ikiwa fundi yupo. Fundi aliyekufa bila mwanafunzi hana badala yake, na neno alilokufa nalo halimo katika kamusi wala katika msitu. Wenye fedha na wanunue misumari na rangi wapendavyo. Sisi na tumtafute mzee mwenye tezo angali ana nguvu ya kuiinua, tukae chini, tumwambie: shikamoo mwalimu, tufundishe.